Sura ya Sita: Moshi wa Turbo Unatokea Wapi?

Wahenga walisema penye moshi pana moto, na kwa mambo mengi ya dunia methali hiyo inatosha. Kwa injini haitoshi, maana ndani ya injini moto upo siku zote. Ndiyo kazi yake. Swali la maana mbele ya bomba linalofuka ni moto huo umelishwa nini ambacho hakikupaswa kufika pale, na kimepenya kwa mlango gani. Gari lisilo na turbo lina milango michache. Gari lenye turbo limeongezewa mmoja, tena mlango unaoonekana kwa macho, wenye jina, wenye bei yake dukani, na unaofunguka bila kushusha injini. Ndiyo maana gari la kasi likitoa moshi wa buluu, hukumu hutoka kabla boneti haijainuliwa: turbo imekufa. Hoja ya sura hii ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi humkamata aliyekutwa penye tukio na kumwacha aliyemsukuma. Rangi ya moshi hutaja kilichoungua. Wakati unapotokea hutaja nguvu iliyokisukuma. Na pale ambapo oili inaanza kuonekana ndani ya mabomba hutaja mlango. Anayeishia kwenye rangi amefanya theluthi ya kazi, kisha analipa gharama ya kazi nzima.

Ili hoja isielee hewani, tuifunge kwenye injini moja: EJ20 ya Subaru. Ilianza kutumika mwaka 1989 ndani ya Legacy, na mwaka 1992 ikaingia kwenye Impreza WRX, gari ambalo Afrika Mashariki halihitaji kutambulishwa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Mapenzi ya vijana wa Nairobi kwa mngurumo ule yana mizizi katika vumbi la mashindano hayo. Mengi ya magari haya yaliletwa yakiwa yametumika Japani, kisha yakapita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu, na hakuna anayeweza kuapa ni lini kila mmoja alibadilisha oili. Injini yenyewe ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Moshi wa pande zote mbili hupita chini ya injini, hukutana, kisha hupanda kwa bomba moja hadi kwenye turbo iliyokaa juu upande wa kulia. Oili iliyokwisha kulainisha turbo hushuka kwa mpira mfupi na kurudi ndani ya silinda hedi ya kulia. Ramani hii fupi msomaji aishike, maana ushahidi wote tutakaoukusanya unasafiri ndani yake.

Tuanze na rangi, na kwanza tutenge kisicho ugonjwa. Petroli ikiungua hutoa maji: lita moja ya petroli huzaa maji yanayokaribia lita moja. Asubuhi ya baridi, Limuru au Njombe, maji hayo hutoka kama mvuke mweupe, hayana harufu, na hupotea hatua chache kutoka kwenye bomba. Bomba likipata moto, yanakwisha. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Injini ya petroli inayokwenda polepole hutumia takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, lakini turbo ikiwa inasukuma kwa nguvu, kompyuta ya gari hulisha mafuta zaidi kwa makusudi, mara nyingi hadi uwiano wa 11 au 12 kwa moja, ili kupoza chumba cha moto. Weusi kidogo wakati umekanyaga hadi mwisho unaweza kuwa ndio mpango wenyewe. Ukizidi, tafuta hewa inayovuja. Katika magari yanayopima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, zikiwemo WRX nyingi, hewa iliyokwisha kupimwa ikitorokea kwenye mpira uliopasuka au klipu iliyolegea, kompyuta haijui. Inamwaga petroli ya hewa isiyofika. Hivyo hivyo kwa ile valvu ya kupumulia presha ambayo vijana huifunga ili ipige mluzi nje kila wanapobadilisha gia: kila mluzi ni hewa iliyopimwa kisha ikatupwa, na pumzi nyeusi inayofuata ni petroli yake iliyobaki bila mwenza.

Zimebaki rangi mbili zinazotisha. Weupe mzito unaoning'inia hewani na kunukia utamu ni kulanti, na kwa kawaida humaanisha gasketi ya silinda hedi imeachia au hedi imepasuka. Buluu ni oili. Hapo ndipo vitabu vingi vya udereva hufunga mjadala, na hapo ndipo rangi inaanza kudanganya. Oili iliyopenya ndani ya silinda huungua pamoja na petroli na kutoka na ubuluu wake. Oili iliyovujia ndani ya turbo, upande wa ekzosi, imekuta moto umeshapita. Haiungui sawasawa, inakaangwa na joto la bomba na kutoka kama wingu zito la kijivu au jeupe kabisa. Mtazamaji aliyekariri kwamba weupe ni gasketi atafungua injini nzima kwa ajili ya turbo iliyovuja, na mwenzake aliyekariri kwamba kila moshi ni turbo atanunua turbo huku maji ya rejeta yakiendelea kupungua. Pua husaidia kidogo, kiwango cha kulanti husaidia zaidi, na kipimo kinachoamua ni kile kimiminika cha buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma: gesi ya moto ikiwa inapenya kwenye maji, kimiminika hugeuka manjano. Ni kipimo cha dakika chache, na kinatenganisha magonjwa mawili ambayo jicho limeyachanganya.

Kipimo hicho kikishaondoa gasketi kwenye orodha, tumebaki na oili, na sasa swali linakuwa la wakati. Ndani ya injini oili haitembei kwa hiari. Mara nyingi husukumwa au huvutwa na tofauti ya presha, na tofauti hiyo hubadilika kila mguu unapobadilika. Gari linalofuka sekunde chache likiwashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha likatulia, huenda lina sili za valvu zilizokauka: oili imedondoka taratibu usiku. Kwenye injini iliyolala kama ya Subaru kuna maelezo mepesi zaidi, kwamba valvu za ekzosi ziko upande wa chini wa hedi na kuta za silinda zenyewe zimelala, hivyo oili kidogo hupata pa kutuama, hasa gari likiegeshwa mahali palipoinama. Pumzi moja ya asubuhi inayokwisha ndani ya dakika haijawa sababu ya kufungua chochote. Gari linalofuka baada ya kushuka mteremko mrefu kama Kitonga bila kukanyaga mafuta, mara tu mguu unaporudi chini, linaeleza jambo jingine: mlango wa hewa ulikuwa umefungwa, menifodi ya kuingizia hewa ikawa inanyonya kwa nguvu, na oili ikavutwa kupitia vijiti vya valvu vilivyolegea. Linalofuka wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote linaelekeza kidole kwenye ringi za pistoni, au kwenye valvu ya kupumulia injini ambayo ingepaswa kujifunga presha inapopanda na haikujifunga. Na linalofuka baada ya kukaa dakika kadhaa kwenye foleni, kisha likakanyagwa, ndilo linaloitaja turbo yenyewe: injini ikiunguruma bila mzigo, gesi ya ekzosi haina nguvu ya kuizuia oili, ikapenya, ikakusanyika, halafu joto likaikaanga yote kwa mkupuo.

Msomaji makini ataona pengo hapa, na ni vyema tuliseme kabla hajalisema. Kwenye foleni hiyo hiyo menifodi nayo inanyonya, kwa hiyo sili za valvu zilizochoka zinaweza kutoa moshi wa namna hiyo hiyo. Ni kweli. Wakati hupunguza orodha ya watuhumiwa, hauifungi. Lakini hata tukichukulia kwamba oili imepita kweli ndani ya turbo, bado hatujafika kwenye chanzo, na ili kuelewa kwa nini, lazima tujue turbo huzuiaje oili yake. Wengi hudhani ndani yake kuna sili ya mpira kama ya krankshafti, inayochakaa na kuvuja. Hakuna mpira unaoweza kuishi pale. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na gesi inayoigonga huweza kukaribia nyuzi joto 900 za Selsiasi. Kinachozuia ni ringi nyembamba za chuma, ndogo za ukoo mmoja na zile za pistoni, na ringi hizo hufanya kazi kwa sharti moja: oili iliyoingia iweze kuondoka. Huingia kwa tundu dogo ikiwa na presha, hugeuka povu kati ya beringi, kisha huanguka kwa uzito wake tu kupitia mpira mpana wa chini. Hakuna pampu inayoivuta. Ni kama mfereji wa paa: ukiziba chini, maji yatamwagika juu, na mwenye nyumba hatasema paa limeoza.

Sasa hesabu vitu vinavyoweza kuziba mfereji huo. Mpira wa kurudishia oili hukakamaa kwa joto na kujikunja ndani. Fundi aliyefunga turbo kwa gundi ya gasketi kupita kiasi ameacha kipande kikining'inia ndani ya tundu. Oili imejazwa kupita alama ya juu ya kijiti. Na juu ya yote hayo, presha imejaa ndani ya injini yenyewe: ringi za pistoni zimechoka na zinaruhusu gesi ya moto kupenya chini, au njia ya kupumulia imeziba kwa utandu. Presha hiyo hupanda kwenye mpira ule ule ambao oili ilitakiwa kushukia, na oili ikikosa pa kwenda hupita pembeni mwa ringi za turbo, upande wa hewa na upande wa ekzosi. Katika hali zote hizi turbo ni nzima. Ukiing'oa na kufunga mpya ya kiwandani, nayo itavuja. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika hoja hii, na kwa bahati mbaya wengi huupata kwa kuulipia: turbo ya pili inayofuka kama ya kwanza. Hapo lawama huhamia kwa muuza spea kwamba ameuza bandia, na chanzo kinaendelea kukaa kimya chini ya mfuniko wa oili. Ufungue mfuniko huo injini ikiunguruma. Pumzi ndogo ni ya kawaida. Ukiona inapuliza kama bomba la pili la ekzosi, swali limeshahama kutoka kwenye turbo.

Kinachobaki ni kuuona mlango kwa macho, na njia yake ni ile ile ya kutafuta tope la mto: unapanda juu ya mkondo mpaka ukute maji safi. Katika Subaru yetu, bomba lililo baada ya turbo lifunguliwe kwanza, kisha bomba linalopanda kuja kwenye turbo. Ikiwa upande wa baada umelowa oili na bomba la kabla ni kavu, lenye vumbi jepesi la kijivu au kahawia, oili inaingilia ndani ya turbo. Rudi kwenye mfereji na presha kabla ya kununua. Ikiwa bomba la kabla ya turbo nalo limelowa, oili inatoka kwenye silinda, na turbo inapitiwa tu kama daraja. Halafu plagi nne zisomwe. Moja ikiwa nyeusi ya mafutamafuta na tatu safi, silinda hiyo ina ringi au valvu yake. Zote nne zikilingana, tafuta kitu kinachozihudumia zote: hewa ya pamoja, yaani njia ya kupumulia au upande wa hewa wa turbo. Mwisho kabisa ndipo ujazie silinda upepo wa kompresa pistoni ikiwa juu, na kusikiliza. Mlio ukitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Kwenye ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi. Kipimo hiki kina faida kuliko kile cha kupima kompresheni peke yake, kwa kuwa silinda iliyojaa oili inaweza kutoa namba nzuri, oili yenyewe ikiwa imeziba pengo kwa muda.

Kuna pingamizi la heshima dhidi ya yote haya: fundi mwenye miaka ishirini gereji hahitaji mlolongo huu, anaangalia na kunusa. Uzoefu ni elimu, na hakuna sababu ya kuudharau. Lakini uzoefu hujengwa na magari mtu aliyoyatengeneza, na huenda mengi kati ya hayo yalikuwa ya dizeli, ambako weusi chini ya mzigo ni jambo la kawaida na turbo ina tabia nyingine. Kuihamisha hekima ya lori kwenye WRX ni kuazima miwani ya mtu mwingine. Zaidi ya hayo, ukimsikiliza vizuri fundi hodari kweli, swali lake la kwanza kwa mwenye gari ni "linafuka wakati gani?" Anachoita jicho, kikichambuliwa, ni maswali haya haya yaliyoulizwa haraka. Anayetoa hukumu bila kuuliza ndiye hajapata uzoefu huo.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Plagi za injini hii zimetazamana na kuta za pembeni, kuzifikia ni usumbufu, mabomba yana boliti zilizoshika kutu, vipimo vinalipiwa. Si rahisi zaidi kununua turbo ya mtumba na kujaribu? Ingekuwa rahisi kama jaribio lingetoa jibu, na halitoi. Turbo iliyovuja huacha oili ndani ya intakula inayopoza hewa, ndani ya mabomba na ndani ya masega ya ekzosi, na oili hiyo itaendelea kufuka kwa muda hata baada ya chanzo kuondolewa. Hivyo aliyebadilisha kwa kubahatisha hawezi kujua kama amekosea au amepatia: moshi ukiendelea huenda ni mabaki, ukipungua huenda ni kwa sababu mpira wa chini ulinyooka wakati wa kufunga. Amelipa na bado hajui. Kupima kwanza ni nafuu kwa sababu hiyo moja, kwamba pesa inayotoka inarudi na habari.

Pingamizi la tatu ndilo zito: turbo hufa kweli. Hufa, na dalili zake ziko wazi. Hata kwenye turbo nzima, shafti ikishikwa kwa vidole huwa na mchezo mdogo wa pembeni, kwa kuwa huelea juu ya utando wa oili. Mchezo huo ukifikia mapezi kugusa ukuta, au shafti ikisogea mbele na nyuma, turbo imekwisha na hakuna mpira wa kurudishia utakaoiponya. Lakini beringi za turbo hazifi kwa uzee tu. Huuawa na oili chafu, oili iliyochelewa kubadilishwa hadi kuganda kuwa kaa, au oili isiyofika: baadhi ya matoleo ya injini za EJ yana kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili, na utandu ukikiziba, turbo inakauka huku geji ya oili ikionyesha salama. Kwa hiyo hata pale turbo inapokutwa na hatia, swali la nani aliisukuma halijafutika. Aliyefunga mpya bila kusafisha njia hiyo ameandaa kifo cha pili. Dawa inayopendwa sana, ya kumwaga oili nzito ili moshi upungue, huangukia papa hapa: inaweza kupunguza kinachopita kwenye sili za valvu, lakini asubuhi oili hiyo huchelewa kufika kwenye shafti inayoihitaji mapema kuliko kitu kingine chochote garini. Moshi umepungua na mauti yamesogea.

Wako watakaosema moshi kidogo wa buluu si kitu, gari la kasi lazima lile oili. Kwa gari lisilo na turbo ungeweza kuvumilia zaidi. Chini ya presha, mvuke wa oili uliochanganyika na hewa hupunguza uwezo wa petroli kustahimili bila kulipuka kabla ya wakati wake, na milipuko hiyo hugonga pistoni mahali pembamba kuliko pote, kwenye vikingo vya kati ya ringi. EJ25 zenye turbo, ndugu za EJ20 yetu, zinajulikana kwa kupasuka vikingo hivyo. Kikipasuka kimoja, gesi nyingi zaidi hushuka chini, presha hupanda ndani ya injini, oili nyingi zaidi hurudi kwenye njia ya hewa na kwenye turbo, na moshi huongezeka. Ni duara, na mtu anaweza kuliingilia popote na kuona moshi ule ule. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania wakati na mahali badala ya rangi: rangi ni ile ile duara zima, bali duara hukatwa pale tu lilipoanzia. Kwa anayekwenda kununua, ushahidi wa kwanza hauhitaji spana hata moja. Unahitaji injini ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kulipasha gari moto kabla hujafika ameshafuta ushuhuda wa usiku. Mshukuru kwa muda wake, na kesho fika kabla ya ufunguo wake.